Dada Yangu, Dada Wetu

Bladensburg, Maryland
Ijumaa, 20 Juni 2025

Queen,

Nilimpoteza mdogo wangu Jumamosi tarehe 14 Juni, saa saba na dakika ishirini mchana, kwenye meza ya mbao chini ya mti wa mwaloni, katika shamba la mizabibu lililo maili thelathini na tano kutoka ufukwe wa Santa Barbara. Saa naijua kwa sababu niliitazama. Niliitazama ili nisikutazame wewe.

Kutoka kwangu hadi kwako Annandale ni maili ishirini na moja, na bado nakuandikia barua ya stempu. Namba yako nimeifunga simuni tangu tuliposhuka uwanja wa ndege wa Dulles. Sauti yako kwa sasa siiwezi, na meseji ungezifuta. Karatasi utaikunja, utaiweka mahali, itabaki.

Tulikwenda California siku nne ili familia mbili zijuane kabla ya harusi yako. Upande wa Mutai walikuja watu tisa, yeye mwenyewe akiwemo. Upande wetu, Mama tulimzika 2003 na Baba alitangulia, kwa hiyo ukoo mzima wa Musoma ulikuwa mimi na sanduku langu. Tisa kwa mmoja. Sikulalamika. Nilipanga zamu za wafanyakazi wangu, nyumba yangu ya kutunzia wazee, wazee watano na vitanda vitano, nikamwachia binti yangu Irene, nikapanda ndege.

Ijumaa asubuhi ukungu ulikuwa haujainuka baharini. Mama yake Mutai akataka kukanyaga maji, akarudi nyayo nyeusi tii. Bahari ile hutoa lami yenyewe kutoka chini, inakuja na mawimbi vipande vipande, inaganda kwenye ngozi, sabuni haisaidii. Mabinti zake walicheka wakampiga picha. Mimi nilikwenda jikoni nikaleta mafuta ya kupikia na taulo la karatasi, nikapiga magoti mchangani, nikamsafisha kidole kimoja kimoja. Dakika arobaini. Miguu ya wazee ndiyo kazi yangu, Queen. Miguu ya wazee ndiyo iliyokusomesha chuo pale pale Annandale unapofanya kazi ya ofisini leo. Niliinua uso nikakuona umesimama na miwani yako ya jua. Uligeuka ukaenda kutazama ndege.

Jumamosi ilikuwa Sabato. Toka nibatizwe sijakosa ibada kwa ajili ya starehe. Nilikosa kwa ajili yako, nikakaa kwenye meza ya watu kumi na mmoja, mbele yao glasi nne nne za kuonja, mbele yangu chupa ya maji. Mjomba wao Elkanah akafika siku hiyo akitokea Fresno, alikuwa hajaniona. Akauliza kwa heshima, "Na huyu mama ni nani?"

Ukasema, "Huyu ni dada wetu, Vumilia."

Kwetu Tanzania mtoto wa darasa la kwanza anajua tofauti. "Dada yangu" tumezaliwa naye. "Dada wetu" huamka saa kumi na moja kufagia, hulala chumba cha stoo, na Jumapili huomba ruhusa ya kwenda kanisani.

Nikasimama, nikaanza kukusanya glasi tupu. Nilikusanya kumi na sita nikazipeleka kaunta, mpaka yule binti wa Kizungu aliyekuwa anamimina akaniambia mama, acha, hiyo ni kazi yangu. Hata kazi ya dada nilinyang'anywa.

Nina miaka arobaini na tisa. Nimejenga nyumba Musoma na nimeandikisha kampuni Maryland. Sijaona aibu kama ile.

Tarehe 7 Septemba sitasimama kukukabidhi kwa watu. Tafuta mtu wa ngazi yako. Ukiwa na la kueleza, lieleze.

Vumilia


Annandale, Virginia
Ijumaa, 27 Juni 2025

Da Vumi, shikamoo.

Barua yako imechukua siku tano kuvuka mto ulio kati yetu. Ungetembea kwa miguu ungefika mapema. Nilipoona bahasha nilicheka. Nilipoisoma sikucheka.

Umenielewa vibaya, na nitakuonyesha ulipokosea. Wale ni Wakenya, watu wa Kericho. Kwao msaidizi wa nyumbani anaitwa anti, au msichana wa kazi. Dada kwao ni dada. Kanisani kwao kila mwanamke ni dada fulani. Nilizungumza lugha ya meza, basi. Na nilisema "wetu" kwa sababu Mutai alikuwa kando yangu na mkono wake ulikuwa begani kwangu. Tunaoana. Dada yangu ni dada yake. Hesabu ndogo kama hiyo imekushinda wewe?

Mimi ndiye niliyeaibika. Umesimama katikati ya mazungumzo, unapanga glasi mkononi kama mtu anayekimbizwa na bosi. Mjomba Elkanah alibaki na mdomo wazi. Mutai ameniuliza mara tatu kama kuna mtu amekuudhi. Ningemjibu nini?

Nilikupeleka kule ili upumzike. Unakumbuka tulivyopanda mlimani asubuhi ile, ukungu umebaki chini yetu umelifunika jiji lote na paa zake za vigae vyekundu, na huku juu jua kali? Ukaniambia, "Tumepita mawingu kwa gari." Nilifurahi kama mtoto. Halafu tulipofika shambani ukaanza kuhesabu mistari ya mizabibu. Sitini na miwili, ukasema, na huku mwisho wameacha mmoja wazi, sijui kwa nini. Mtu anakuonyesha uzuri, wewe unaufanyia ukaguzi.

Gauni lako liko kwa fundi Hyattsville. Rangi ya zabibu iliyoiva. Anasubiri urefu wa mikono. Kamati inaniuliza kila wiki kama mkubwa wa familia amethibitisha. Nimewaambia ndiyo.

Acha hasira, dada yangu. Umeona? Nimeandika "yangu".

Queen


Takoma Park, Maryland
Jumapili, 6 Julai 2025

Dada Vumilia,

Hujambo? Mimi ni Jelagat, dada ya Mutai, ule nurse wa kofia ya manjano, usije ukanichanganya na wale wengine. Nilikuwa nimeomba Queen namba yako, akasema siku hizi simu yako haishiki, lakini barua unasoma. Nikasema sawa, wacha nijaribu. Mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa shule ya boarding, naomba chupi na sukari.

Mum anakusalimia sana. Miguu iko sawa, lami yote ilitoka. Ameambia Kericho nzima kwa simu vile dada mkubwa wa Queen alipiga magoti kwa mchanga akamwosha na mafuta ya kukaangia chapati. Anasema mabinti zake wa kuzaa walikuwa wanapiga picha, na mimi ndio nilikuwa na simu kubwa kuliko wote. Hiyo kesi nimekubali.

Lakini kuna kitu kinamsumbua, amenituma nikuulize. Ile Jumamosi kwa shamba ya wine, Queen aliambia Uncle Elkanah wewe ni dada wao. Uncle alifurahi sana. Alikuwa ametoka Fresno, masaa manne barabarani, aongee na mkubwa wa familia ya bibi harusi. Alikuwa amepanga maneno yake. Kufungua mdomo hivi, umesimama, unaokota glasi! Mum akasema, huyu mama kuna mtu wetu amemkosea, hawezi kukaa meza moja na sisi. Uncle naye anaona pengine ni yeye, kwa sababu alikuita tu "huyu mama". Tangu turudi wanalaumiana.

Kama ni sisi, tafadhali tuambie. Mum hataki kuingia kwa harusi na deni ya moyo.

Hiyo ingine, ya glasi ya Queen, nilikuona. Usijali. Mimi ni nurse, nimezoea kuona na kunyamaza.

Wako,
Jelagat


Bladensburg
Jumapili, 13 Julai 2025

Queen,

Wifi yako ameniandikia. Nimesoma barua yake mara nne, halafu nikachukua kalamu nikahesabu upya.

Mezani tulikuwa kumi na mmoja. Tisa ni Wakenya, na sasa nina ushahidi kwamba wote tisa walisikia "dada" wakaelewa dada. Yule mzee alikuwa amepanga hotuba ya kunipa heshima. Toa tisa. Wanabaki wawili, mimi na wewe. Msemaji ulikuwa wewe. Msikilizaji anabaki mmoja.

Ulinieleza lugha ya meza kana kwamba uliteleza. Hukuteleza. Umeishi na Mutai miaka mitatu, unajua maneno yao na yetu yanapoachana. Ulichagua neno ambalo watu tisa watalipokea kama heshima na mmoja kama kofi. Ukanipiga mbele ya watu na hakuna aliyeona mkono.

Hiyo ni akili, sikatai. Mimi ndiye niliyekufundisha hesabu, kwenye meza ya jikoni.

Na kwa kuwa tunahesabu, niandike na la kwangu, maana Jelagat aliliona. Baada ya glasi kumi na sita nilirudi mezani, wewe umekwenda na Mutai kutazama mapipa. Glasi yako ya tatu, ile nyekundu, ilikuwa nusu. Niliinywa. Siku ya Sabato, mzee wa kanisa akiwa ameniombea safari njema kabla sijaondoka. Ilikuwa kali, inakausha ulimi. Sikuinywa kwa kiu. Nilitaka na mimi niwe mtu aliyekaa mezani. Tangu siku hiyo nimesimama mara nne kuongoza kipindi cha wanawake, na kila mara naona kama harufu inanitoka.

Yule mama wa watu anajilaumu huko kwa kosa ambalo hakulitenda. Nimemwandikia Jelagat kwamba hawana hatia, kwamba ni mambo yetu sisi wawili. Kwa hiyo ni lazima yawe na jina.

Nimekulea tangu una miaka kumi na nne. Nilikufanyia nini?

Vumilia


Annandale
Jumatatu, 21 Julai 2025

Dada,

Swali lako la mwisho nimelisubiri miaka ishirini na miwili. Sasa limekuja.

Jumapili tarehe 12 Oktoba 2003. Unaona, na mimi nimeshika tarehe, nimejifunza kwako. Ghorofa yetu ya Takoma Park, chumba kimoja na sebule. Ilikuwa wiki yangu ya tisa Marekani na mwezi wa tano tangu tumzike Mama. Shemeji Dunstan alikuwa anaendesha gari la ubalozi, na wewe ulikuwa umewaalika wake za maofisa kunywa chai. Walikuja saba. Uliniambia nikae chumbani na Irene, alikuwa na mwaka mmoja. Nguo zangu zote ulikuwa umeziweka mashineni kule chini. Nilivaa koti la bluu nililolikuta nyuma ya mlango.

Irene akalala. Nikasikia sambusa zinaungua. Nikatoka, nikazitoa kwenye mafuta, nikazipanga kwenye sinia, nikazileta sebuleni. Nilifikiri utafurahi. Mama Ombeni akanitazama, akakuuliza, "Na huyu binti ni nani?"

Ukasema, "Huyu ni dada wetu."

Dada Vumi, nilikuwa na miaka kumi na nne. Ningekuwa mdogo wako ungesema mdogo wangu. Mtoto wa miaka kumi na nne kuitwa dada na mtu wa ishirini na saba kuna maana moja tu, na wale wanawake saba wote walikuwa Watanzania. Hakukuwa na Mkenya hata mmoja wa kunisaidia kuelewa vingine.

Nikazungusha sinia. Nilizungusha mara mbili. Mama Ombeni alisema asante, dada.

Sikukuuliza. Ulikuwa umenilipia kila kitu kwa jasho, ningeanzia wapi? Nikajiambia labda ni kweli. Nilimwogesha Irene, nilimlisha, nilifua, nikitoka shule nilikimbia nifike kabla hujaenda zamu. Nilikaa nikipima: huyu ananipenda kama damu yake, au nimeletwa? Nimepima mpaka juzi.

Sikupanga Santa Barbara, naapa. Ijumaa ile ufukweni nilikuona umepiga magoti mbele ya mama mkwe wangu, mikono imejaa mafuta meusi, na niliona aibu. Ya kwako. Nilitamani uinuke. Halafu nikaona aibu ya kuona aibu, nikaenda kutazama wale ndege mwari wanavyojitupa majini, maana machozi yalikuwa yanakuja na sikutaka Mutai anione. Kesho yake nikajiambia nitakuwa mtu mzuri. Nikakukalisha kichwani mwa meza. Basi yule binti aliyekuwa anamimina akapita na sinia la jibini na mikate myembamba, na saa ile ile Mjomba akauliza: "Na huyu mama ni nani?" Kwa sauti ile ile. Neno likatoka lenyewe, limekunjwa vizuri, kama nguo iliyokaa sandukuni.

Nilijua wao hawatalielewa. Nilijua wewe utalielewa. Vyote viwili nilivijua kabla sijafunga mdomo. Na kwa muda mfupi nilifurahi. Halafu ukasimama, ukaanza kuokota glasi, na nikamwona yule mtoto na sinia. Nilikuwa nimekugeuza wewe ukawa mimi.

Niliyoandika kwenye barua ya kwanza kuhusu mkono wa Mutai begani ni uongo. Mutai alikuwa ng'ambo ya meza.

Nisamehe. Lakini na mimi nataka kusikia.

Queen


Bladensburg
Ijumaa, 1 Agosti 2025

Queen,

Barua yako nimeipata.

Sikumbuki kitu kama hicho. Oktoba 2003 nilikuwa nafanya zamu kumi na moja kwa wiki, sehemu mbili tofauti. Sikuwa na nafasi ya kukaribisha watu chai. Labda unachanganya na nyumba nyingine.

Vipimo vya mikono: inchi ishirini na mbili. Mpe fundi, ili asiendelee kusubiri. Siyo kwamba nimekubali.

V.


Bladensburg
Jumapili, 17 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Barua ya tarehe mosi ichome. Ina mistari michache na karibu yote ni uongo. Inchi ishirini na mbili tu ndiyo kweli.

Nakumbuka sinia. Nakumbuka hata idadi: sambusa ishirini na nne, tatu kwa kila mgeni na tatu zangu. Wewe sikukuhesabia. Nimeandika sentensi hiyo nikainuka nikazunguka nyumba, wazee wangu wawili wakaniuliza nimepoteza nini.

Kuna kitu hukijui, nacho nakuambia bila kujitetea. Lile koti la bluu nyuma ya mlango lilikuwa langu. Wale wanawake nilikuwa nimewaambia nafanya kazi kwenye ofisi mjini. Haikuwa uongo, ofisi zilikuwepo, ghorofa sita, na mimi nilizipiga deki. Kila Jumapili kwenye shughuli zao walizungumzia madada waliowaleta kutoka nyumbani, huyu mvivu, yule anaiba sukari. Mimi nilinyamaza nikitabasamu kama mtu mwenye dada wake. Nikawaalika chai ili nionekane.

Ukatoka jikoni umevaa koti la usafi.

Mama Ombeni hakukutazama usoni, alitazama koti. Nilikuwa na nukta moja ya kuchagua: ama koti ni langu, ama ni lako. Nikakupa wewe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, Queen. Kazi yangu mwenyewe niliionea aibu nikaivisha mtoto aliyefiwa na mama. Na kwa kuwa nilishasema, ikabidi iwe kweli. Baadaye nilikuachia Irene, nikakuachia kufua, nikajiambia unajifunza maisha. Ulipozungusha sinia mara ya pili sikukuzuia.

Umeniuliza ulikuwa damu au uliletwa. Ulikuwa damu. Nilikutumia kama uliyeletwa. Vyote viwili ni kweli, na hesabu hiyo siwezi kuisawazisha hata nikikesha.

Jumatano nilichukua basi mpaka kwa Mama Ombeni. Bado yuko Silver Spring, amezeeka, magoti yanamsumbua. Nilimbebea maandazi. Nikamwambia nimekuja kusahihisha jambo la mwaka 2003. Nikamweleza: yule binti wa sambusa hakuwa dada wa kazi, ni mdogo wangu, tumbo moja, anaolewa mwezi ujao.

Akaniangalia. Akacheka mpaka akashika kiti.

"Vumilia wewe! Sasa ndiyo unakuja kuniambia? Mbona lile koti lilikuwa na jina lako kifuani. Limefumwa kwa uzi mweupe, herufi kubwa. Sote saba tulisoma."

Nikamuuliza, "Na mkanyamaza?"

"Tungesemaje? Mtu umemkuta anajificha, unamsaidia kujificha. Mwenzio na mimi nilikuwa nasafisha hoteli Alhamisi, mume wangu hakujua." Halafu akaacha kucheka. "Lakini yule mtoto nilimwambia asante, dada. Nilisema ili nikubebee uongo wako. Hilo limenikera miaka yote. Nilimwona macho yake."

Nilikuwa navaa jina langu kila siku, sikuwahi kuliona. Miaka ishirini na miwili nimeficha kitu ambacho watu saba walikisoma kabla chai haijapoa. Wa kwako tisa hawakuelewa chochote. Wa kwangu saba walielewa yote. Mtu mmoja tu aliamini kwamba wewe ni dada wa kazi. Ni wewe.

Nilikaa kwenye gari la mtu mwingine nikalia, maana Mama Ombeni alimwita kijana wa kanisani anirudishe, hakutaka nipande basi na uso ule.

Sasa harusi. Mama Ombeni atakuwepo, na wengine watatu kati ya wale saba. Mjomba Elkanah anatoka Fresno na hotuba yake aliyokatizwa. Jelagat ameniandikia tena, anasema mama yao amenunua viatu vya kufunika kabisa, hataki lami nyingine. Nimemjibu kwamba Virginia, kwenye harusi, hakuna lami.

MC atauliza nani anamkabidhi bibi harusi. Atakayesimama atasema yeye ni nani kwa bibi harusi. Nikisimama mimi, nataka kusema hivi, na si zaidi: "Naitwa Vumilia. Huyu ni mdogo wangu. Mwaka 2003 nilimkana kwa sababu ya koti langu la kazi, na leo namkabidhi kwa jina lake." Sekunde kumi na tano, nimezipima. Lakini aibu ni yangu na siku ni yako. Sitamwaga aibu yangu kwenye gauni lako bila ruhusa. Ukitaka nisimame nikae kimya, nitakaa kimya. Ukitaka niketi nyuma na wageni, nitaketi, na glasi sitagusa, wala tupu wala iliyojaa.

Kwa hiyo nakuuliza swali moja na nataka jibu moja. Siku hiyo mimi ni nani kwako? Usiniandikie aya, usinieleze Wakenya wanasemaje. Namba yako nimeifungua leo saa tatu asubuhi. Nitumie meseji ya neno moja: "yangu", nisimame niseme, au "wetu", niketi nyuma. Ijumaa tarehe 22 jua linazama saa moja na dakika hamsini jioni, na Sabato inaingia. Ile ya Juni niliivunja. Hii nataka kuingia nikiwa najua. Nijibu kabla ya saa moja na dakika hamsini.

Dada yako,
Vumilia